Kunyoosha Injini na Mkia wa Boti: Ufundi na Istilahi Zake

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi ya kutambua na kurekebisha hitilafu inayotokea pale injini ya boti na mkia wake visipokaa katika mstari mmoja. Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi na injini, wapi na wapi? Jibu ni kwamba Kiswahili ni lugha ya mwambao, na tangu zamani kina hazina kubwa ya msamiati wa vyombo: omo, tezi, mkuku, mataruma, fashini, hanamu. Kwa maneno hayo fundi wa mashua aliweza kumwelekeza mwanagenzi mahali hasa palipoharibika. Injini zilipoingia, msamiati haukwenda nazo sambamba. Kijana wa leo hufundishwa kwa kuonyeshwa kidole: "hii" na "ile". Asiyekuwa na jina la kitu hupata taabu kueleza kasoro yake, na matokeo yake hubadilisha kifaa kisichokuwa na kosa.

Funzo la mashine ya kusaga

Kaloleni haina bahari. Mtu hana budi kuteremka kwa barabara ya Mavueni ndipo aione hori ya Kilifi. Hata hivyo, kanuni tunayoizungumzia inafahamika vyema huko juu minazini. Katika mashine ya kusaga mahindi, mkanda huunganisha puli ya injini na puli ya kinu. Puli hizo zikipishana hata kidogo, mkanda huliwa upande mmoja na hatimaye hukatika. Mwenye mashine akinunua mkanda mpya bila kuisogeza injini, mkanda huo nao utaliwa. Kilichoharibika, basi, si lazima kiwe ndicho kilicholeta uharibifu. Hilo ndilo jambo la msingi katika makala haya.

Muundo wa boti yenye mkia

Boti nyingi za Kilifi na Malindi hutumia mashine za kuning'inizwa tezini, ambamo injini, shafti na rafadha vimo katika umbo moja. Zipo pia mashua zenye injini ya ndani ambayo shafti yake hupenya chini ya chombo hadi kwenye rafadha. Aina ya tatu huchanganya mifumo hiyo miwili: injini hukaa ndani, karibu na tezi, na sehemu inayobeba rafadha hukaa nje. Kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi iliuingiza mfumo huu sokoni mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic. Sehemu hiyo ya nje ndiyo tunayoiita "mkia" katika makala haya.

Nguvu ya injini hupita katika kapla, yaani kiungo kilichofungwa nyuma ya injini na chenye meno kwa ndani. Shafti ya mkia, nayo yenye meno, huingia humo baada ya kupita katika beringi iliyo kwenye ubao wa tezi. Nje ya beringi kuna krosi zinazouwezesha mkia kugeuka na kuinuka, na zote hufunikwa na mpira wa mikunjo unaozuia maji. Kapla na beringi zikiwa katika mstari mmoja, shafti huzunguka bila kusuguana. Zikipishana, meno hutafunana.

Dalili za hitilafu

Dalili ya kwanza ni mngurumo unaotoka tezini, hasa boti inapokata kona. Aidha, harufu ya mpira ulioungua au vumbi jeusi la mpira karibu na kapla ni ishara ya hatari. Dalili nyingine hujitokeza mkia unaporejeshwa baada ya matengenezo: unakataa kuingia mahali pake. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa kuuvuta kwa nguvu za nati. Mkia uliolazimishwa utaingia, ila utakuwa umekwisha kuumiza meno. Dalili ya mwisho ni injini kunguruma kwa kasi huku chombo hakisongi, kwa kuwa kapla imekatika. Likitokea hilo wakati wa kusi, boti ikiwa penye mlango wa miamba, suala haliwi tena la fedha bali la uhai.

Jinsi ya kupima na kurekebisha

Kwanza, chombo kipandishwe nchi kavu na kiegemezwe sawasawa, kwani kikipinda na vipimo hupinda. Pili, mkia uondolewe. Mpira wa mikunjo ukaguliwe kama umepasuka, kisha beringi izungushwe kwa kidole. Ikikwaruza, maji ya chumvi yameshaingia, na ni lazima ibadilishwe kabla ya kupima.

Tatu, fundi huchukua fimbo maalumu ya chuma iliyotengenezwa kwa kipimo cha shafti. Huipitisha katika beringi na kuigongagonga polepole ili beringi ikae sawa, kisha huipaka grisi nchani na kuisukuma hadi ndani ya kapla. Fimbo yapasa kuingia na kutoka kwa wepesi, bila kulazimishwa. Ikitolewa, meno ya kapla yatakuwa yameacha alama kwenye grisi. Alama zikiwa sawa pande zote, mpangilio ni mzuri. Zikiwa juu tu au chini tu, nati za vikalio vya mbele vya injini huzungushwa kidogo kidogo, kwa kiasi sawa kulia na kushoto, na fimbo hurudishwa kupima tena. Baadaye injini huzungushwa robo mzunguko na jaribio hurudiwa.

Nne, fundi ajiulize kwa nini mpangilio ulipotea. Yamkini mpira wa vikalio umechoka, au mbao zinazoibeba injini zimeoza. Kurekebisha nati juu ya mbao mbovu ni kazi bure. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hitimisho

Imebainika kwamba utaratibu huu wote unaweza kuelezwa kwa Kiswahili. Baadhi ya maneno ni ya kale, kama tezi na rafadha. Mengine yamekopwa, kama kapla na beringi. Na mengine, kama mkia, ni mapendekezo tu, ambayo mafundi wenyewe watayakubali au kuyakataa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo haitoshi iwapo kijana aliye chini ya boti ufukoni hana maneno ya kumuuliza mwalimu wake swali. Ni wajibu wetu, wanafunzi wa Kiswahili, kuteremka hadi huko, tusikilize mafundi wanavyosema, tuandike, kisha turudi kuwasomea tulichoandika ili watusahihishe.