Saa 72 za Kwanza: Haki za Manusura wa Ukatili wa Kingono

Ukatili wa kingono hutokea katika Jiji la Arusha na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, na mara nyingi hufichwa kwa aibu isiyomstahili aliyetendewa. Makala haya yanaeleza haki na huduma alizo nazo manusura, awe mwanamke, mwanamume au mtoto.

Tiba kwanza
Manusura afikishwe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu, ama katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kadiri zinavyowahiwa ndivyo zinavyofaa. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Nguo hizo zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi. Aliyekwisha kuoga aende vivyo hivyo.

Polisi
Fomu ya Polisi Namba 3 (PF3) hutolewa bila malipo. Daktari huijaza, nayo hutumika kama kielelezo mahakamani. Hali ikiwa ya dharura, tiba hutangulia na fomu hufuata. Manusura aombe kusikilizwa faraghani katika Dawati la Jinsia na Watoto.

Mahakamani
Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa mwaka 1998, inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka. Mtu mzima anayembaka msichana wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Mahakama huamuru pia fidia. Ushahidi hutolewa faraghani, wala haupaswi kutangazwa.

Wengi hukata tamaa kwa kuwa hapakuwa na shahidi mwingine. Katika shauri la Selemani Makumba la mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe. Akiaminika, maelezo yake peke yake yaweza kutosha.

Kuyamaliza nyumbani
Shauri la kubaka ni la Jamhuri. Wazazi, wazee wa ukoo wala mshili hawana mamlaka ya kulifuta kwa ng'ombe au fedha. Tena, tukio la Jumanne jioni likingoja kikao cha Jumamosi, saa 72 zitakuwa zimekwisha.

Pa kupata msaada
Afisa Ustawi wa Jamii husaidia kupata ushauri nasaha na hifadhi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawawezesha wasio na uwezo kupata msaada huo bila malipo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha. Taarifa kuhusu mtoto zitolewe kwa namba 116, bila malipo. Dharura ya polisi ni 112.

Mkazi anayeambiwa habari hii na jirani au ndugu asimhoji alivaa nini au alikuwa wapi. Amsikilize, kisha amsindikize hospitali.