Gari Likilala Ubavu Porini

Land Cruiser ya safari ikipinduka kwenye udongo mweusi ulionyeshewa, watu hukimbilia kamba. Vijana wanapanga mabega kwenye paa, mmoja anahesabu, wote wanasukuma. Nia ni njema, lakini mimi husihi: subirini. Gari hilo limekwisha kuanguka; kinachoweza kutokea sasa ni kumwangukia mtu aliyenusurika.

Injini izimwe kwanza. Dizeli iliyolala ubavu inaweza kufyonza oili yake yenyewe na kuendelea kunguruma hata ufunguo ukitolewa. Abiria anayening'inia kwenye mkanda ashike mahali imara kabla ya kuufungua, asije akaanguka kwa shingo. Anayelalamikia mgongo asivutwe, isipokuwa kuna moto au gari linateleza. Wote wakishatoka, chomoa waya hasi wa betri na upige marufuku sigara. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka na moto ukaua watu zaidi ya 100 waliokuwa karibu nalo, wengi wakichota mafuta.

Sasa angalia magurudumu yanatazama wapi, maana huko ndiko gari litakakoangukia. Kama huko ni mteremko, huenda lisitulie likishasimama, likaendelea kubingirika. Ndiyo sababu kamba moja haitoshi kamwe. Ya kwanza hufungwa kwenye chesisi, ule upande ulio juu, ikavutwa kutoka upande wa magurudumu. Bampa na keria si mahali pa kufunga, zitang'oka. Magurudumu ya chini yachimbiwe mfereji au yazuiwe kwa mawe ili yawe bawaba badala ya kuteleza.

Kamba ya pili ndiyo inayosahauliwa, na kwangu ndiyo muhimu zaidi. Nayo hufungwa kwenye chesisi, ikapita juu ya gari hadi upande wa paa, kisha ikazungushwa kwenye mti mnene au ikashikwa na gari jingine. Uzito ukishavuka magurudumu ya chini, hakuna tena haja ya kuvuta: tani mbili na zaidi zinashuka zenyewe. Anayeshika kamba hii anailegeza kidogo kidogo, mpaka gari likanyage chini taratibu.

Kwa kuvuta, winchi ni bora kuliko gari linalokurupuka. Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya safu ya kwanza ya kamba kwenye ngoma. Kila safu inayoongezeka juu yake huipunguza. Kwa hiyo toa kamba ndefu, ila kama ni ya waya bakiza mizunguko isiyopungua mitano. Ukiipitisha kwenye kapi lililofungwa kwenye gari lililolala, nguvu hukaribia kuwa maradufu na mwendo hupungua nusu, na huo mwendo wa polepole ndio tunaoutaka. Usifunge kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka na kuua. Tandaza blanketi zito juu ya waya, na watu wakae mbali kuliko urefu wa waya huo. Amri itoke kwa mtu mmoja tu.

Gari likishasimama, dereva hutamani kuwasha, na hapo ndipo injini nyingi nzima hufia. Oili imepenya juu ya pistoni, nayo haibanwi kama hewa. Stata ikizungusha kwa nguvu, fito za pistoni zinapinda. Liache gari likae sawa kwa muda ili oili irudi chini. Kisha toa nozeli au plagi za kupasha moto kwenye dizeli, au plagi za cheche kwenye petroli, na uzungushe injini kwa mkono ukitumia spana kwenye boliti ya puli ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, rudisha waya wa betri, kata mafuta, na uigonge stata kwa vipindi vifupi hadi oili iliyobaki itoke. Wakati huo usiinamie matundu. Oili hutoka kwa kasi ya kuumiza macho. Kagua filta ya hewa pia, kwa kuwa ikiwa imelowa oili injini itainyonya tena.

Kabla ya kuondoka pima oili, maji na mafuta ya breki, kanyaga pedali uone kama ni ngumu, na ulale chini utazame fimbo za usukani. Moja ikiwa imepinda hata kidogo, gari livutwe hadi gereji.