Mawimbi ya Sauti Yafichuapo Kichocho cha Ini
Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama aingiapo Ziwa Viktoria penye konokono wenye vimelea vya kichocho, lava hupenya ngozi yake. Minyoo ikishakomaa hutaga mayai katika vena za matumbo. Baadhi huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakaziba vena ndogo na kusababisha makovu. Damu ikikosa njia hupitia vena za pembeni, hasa za umio. Hizo hutanuka, na zikipasuka mgonjwa hutapika damu.

Mawimbi ya sauti yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, yasiyosikika kwa sikio, huakisiwa na makovu hayo, na mwangwi wake hugeuzwa picha. Hivyo tabibu huyaona madhara kabla damu haijamwagika. Prazikwanteli huua minyoo, lakini makovu makubwa huweza kubaki. Kwa hiyo tiba ya mapema ni muhimu.