Mazoezi ya mtoto wa mbwa

Mazoezi ya mtoto wa mbwa ni shughuli zote za mwili anazofanya mbwa tangu anapoanza kutembea hadi mifupa yake inapokomaa, kama vile kucheza, kutembea, kukimbia, kuruka na kuogelea. Mazoezi humjengea misuli, humfundisha kumudu mwili wake na humzoesha watu na mazingira. Yakizidi, yanaweza kumwachia kilema cha maisha. Tofauti kubwa ni kati ya mchezo ambao mbwa anaweza kuuacha mwenyewe anapochoka na mwendo anaolazimika kuufuata.

Mifupa inayokua

Mifupa mirefu ya mtoto wa mbwa hurefuka karibu na ncha zake, mahali penye tabaka la gegedu linaloitwa bamba la ukuaji. Gegedu hilo ni laini kuliko mfupa na ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia viungo. Kwa sababu hiyo, kuruka kutoka juu au kujipinda ghafla, jambo ambalo kwa mbwa mzima lingeleta mteguko tu, kwa mtoto kunaweza kuvunja bamba la ukuaji.

Mfano unaojulikana ni wa mguu wa mbele, ambao una mifupa miwili inayokua sambamba chini ya kiwiko. Bamba la mfupa mmoja likijeruhiwa na kufunga mapema, mfupa huo huacha kurefuka wakati mwenzake unaendelea, na mguu hupinda. Mara nyingi upindaji huo huonekana wiki kadhaa baada ya ajali, mfugaji akiwa ameshaisahau.

Mabamba mengi hufunga kati ya miezi 4 na 12. Mbwa wadogo hukomaa mapema zaidi, na mbwa wa aina kubwa sana wanaweza kufikia miezi 18 au zaidi. Mbwa wa kienyeji wa Afrika Mashariki, ambaye umbo lake ni la wastani, hukomaa mapema kuliko aina hizo kubwa.

Kiasi kinachofaa

Wafugaji wengi duniani hutumia kanuni ya dakika 5 za kutembezwa kwa kila mwezi wa umri: dakika 15 kwa mbwa wa miezi 3, dakika 20 kwa wa miezi 4, na kuendelea. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini haitokani na utafiti wa kisayansi. Inahusu kutembezwa kwa kamba, wala haimzuii mbwa kucheza kwa hiari yake.

Aina ya mazoezi ina uzito kuliko hesabu ya dakika. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia mbwa takriban 500 wa aina nne kubwa. Watoto wa mbwa waliopanda na kushuka ngazi kabla ya kufikia miezi 3 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata ulemavu wa nyonga. Wale walioachwa wacheze huru nje, kwenye ardhi isiyo tambarare sana, walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Kwa jumla, mwongozo unaofaa ni huu:

- Hadi miezi 2: kucheza na mama na ndugu zake kunatosha.
- Miezi 2 hadi 4: michezo mifupi mara kadhaa kwa siku, kwenye udongo, nyasi au mchanga, na usingizi mwingi. Mtoto wa mbwa anaweza kulala saa 15 hadi 20 kwa siku.
- Miezi 4 hadi 8: matembezi mafupi yanayoongezwa kidogo kidogo, yenye vituo vya kupumzika.
- Miezi 8 hadi 12: matembezi marefu zaidi, bila kuruka vizuizi wala kukimbizwa mfululizo.
- Baada ya mwaka 1: kazi kamili kwa mbwa wa wastani, mbwa wakubwa husubiri zaidi.

Kumkimbiza mtoto wa mbwa nyuma ya baiskeli au pikipiki hakufai katika umri wowote kati ya hiyo.

Mazingira ya pwani ya Lindi

Katika pwani ya kusini mwa Tanzania, kutoka Kilwa hadi Lindi mjini na kata zake kama Mtanda, mbwa wengi huishi nje ya nyumba. Wakazi wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi, ingawa kufuga mbwa kwa ulinzi, mifugo au uwindaji kunaruhusiwa. Vijijini mbwa husaidia kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori, ngedere na nyani.

Kwa hiyo mtoto wa mbwa huko mara chache hukosa mazoezi. Hatari yake ni kumfuata bwana wake shambani kabla ya umri. Akiwa na miezi 3 anaweza kuandamana naye kilomita kadhaa kwenda na kurudi, kwa sababu woga wa kuachwa humsukuma kuliko uchovu. Ni afadhali abaki nyumbani, au abebwe sehemu ya njia.

Joto ni hatari nyingine. Mbwa hutoa jasho kidogo tu kwenye nyayo, na hupoza mwili hasa kwa kuhema. Hewa ya pwani ikiwa na unyevu mwingi, kuhema hakusaidii sana. Nyakati nzuri za mazoezi ni kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 11 jioni. Mchanga au lami inayounguza kiganja cha mtu itaunguza pia nyayo za mbwa.

Chakula nacho kinahusika. Ugali mtupu hauna kalsiamu ya kutosha, na mbwa anayekua kwa ugali pekee anaweza kuwa na mifupa inayovunjika kirahisi. Dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao husaidia kuongeza madini hayo. Minyoo ya safura hupunguza damu. Mtoto wa mbwa mwenye ufizi mweupe anayechoka haraka anahitaji dawa kabla ya mazoezi.

Chanjo kabla ya kuzurura

Kutoka nje humkutanisha mtoto wa mbwa na mbwa wengine, na hivyo na magonjwa. Chanjo ya virusi vya parvo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa hadi takriban wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 3, lakini katika kampeni za halaiki Shirika la Afya Duniani linashauri hata walio chini ya umri huo wachanjwe. Kuanzia mwaka 2010, mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi mkubwa wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, pamoja na Pemba.

Watoto ndio hucheza zaidi na vijibwa. Anayeng'atwa, hata kidogo, anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Dalili za kuzidiwa

Mtoto wa mbwa aliyezidiwa hubaki nyuma, hulala njiani, huchechemea au huamka akiwa amekakamaa. Akichechemea zaidi ya siku moja, au mguu ukianza kupinda, aonwe na daktari wa mifugo.

Kuhema kwa nguvu bila kutulia, ute mzito mdomoni, kuyumba na kutapika ni dalili za kuzidiwa na joto, hali inayoweza kuua. Mbwa hupelekwa kivulini mara moja, humwagiwa maji mwilini na kupepewa, hupewa maji ya kunywa kidogo kidogo, kisha hupelekwa kwa daktari au afisa mifugo wa kata.

Tazama pia

- Mbwa
- Kichaa cha mbwa
- Gegedu
- Mkoa wa Lindi