Ukolezi na kasi ya mmenyuko wa kikemia

Ukolezi wa dutu ni kiasi cha dutu hiyo kilichomo katika ujazo fulani, kwa mfano idadi ya moli katika lita moja ya mmumunyo. Neno linatokana na kukolea, kama tunavyosema chai imekolea majani. Ukolezi ni mojawapo ya mambo yanayoamua kasi ya mmenyuko wa kikemia: kwa kawaida vitendanishi vikikolea zaidi, mmenyuko huenda kasi zaidi. Hata hivyo haifuati kwamba ukolezi ukiongezwa mara mbili, kasi nayo itaongezeka mara mbili. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea.

Sababu

Ili molekuli mbili zimenyuke ni lazima kwanza zigongane, tena kwa nguvu ya kutosha na zikiwa zimeelekeana ipasavyo. Migongano mingi haizai kitu. Molekuli hugusana na kuachana. Zikiwa nyingi zaidi katika nafasi ileile, migongano ya kila sekunde huongezeka, na ile michache inayozaa matunda huongezeka pamoja nayo. Ukolezi hauongezi nguvu ya migongano bali idadi yake tu. Kinachoongeza nguvu ni joto.

Kwa gesi, ukolezi huongezwa kwa kuongeza shinikizo. Kitu kigumu ni habari nyingine: kipande cha marumaru kikisagwa, kinachoongezeka ni eneo la uso wake, si ukolezi.

Oksijeni na moto

Hewa ina oksijeni takriban asilimia 21. Kijiti chenye kaa dogo tu hulipuka mwali kikiingizwa katika oksijeni tupu. Tarehe 27 Januari 1967 moto ulizuka ndani ya chombo cha Apollo 1 huko Florida, Marekani, wakati wa jaribio la ardhini. Chumba kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu kwa shinikizo lililozidi kidogo lile la hewa ya nje, na vitu ambavyo katika hewa ya kawaida huungua polepole viliteketea kwa kasi kubwa. Wanaanga Virgil Grissom, Edward White na Roger Chaffee walifariki. Baadaye NASA ilianza kujaza chumba mchanganyiko wa oksijeni asilimia 60 na nitrojeni asilimia 40 kabla ya kuruka. Kwa sababu hiyohiyo sigara na moto hukatazwa karibu na mitungi ya oksijeni hospitalini, ingawa oksijeni yenyewe haiungui.

Jaribio la shuleni

Jaribio linalofahamika zaidi hutumia sodiamu thiosulfati na asidi hidrokloriki. Zikichanganywa, salfa hujitenga polepole na kuufanya mmumunyo uwe na ukungu wa manjano. Chombo huwekwa juu ya karatasi yenye alama ya X, na mwanafunzi akitazama kutoka juu hupima muda mpaka alama isionekane tena. Thiosulfati ikipunguzwa kuwa nusu, muda huwa karibu mara mbili.

Kila thiosulfati inapopunguzwa, maji yaongezwe ili ujazo wote ubaki uleule. Wanaosahau maji hupata matokeo ya ajabu, kwa kuwa kimiminika chenye kina kifupi huchelewa kuificha alama, hata kama mmenyuko haukupungua kasi. Aidha, gesi ya salfa dioksidi hutoka. Madirisha yafunguliwe, na mwenye pumu akae mbali.

Daraja la mmenyuko

Mwaka 1850 Mjerumani Ludwig Wilhelmy alichunguza jinsi sukari ya miwa inavyovunjika katika maji yenye asidi. Aliona kwamba kasi kila wakati hulingana na kiasi cha sukari kilichobaki. Mmenyuko wa namna hii ni wa daraja la kwanza: huanza kwa kasi, kisha hupungua kadiri kitendanishi kinavyokwisha.

Nitriki oksidi, gesi itokayo kwenye injini za magari, hufuata kanuni tofauti inapoungana na oksijeni. Ukolezi wake ukiongezwa mara mbili, kasi huwa mara nne. Ukiongezwa mara tatu, huwa mara tisa. Kwa gesi hiyo mmenyuko ni wa daraja la pili. Daraja hujulikana kwa majaribio. Kusoma namba zilizo mbele ya alama katika mlingano hakutoshi, hata kama mara nyingine zinalingana.

Lipo pia daraja la sifuri, ambapo kuongeza ukolezi hakubadilishi kasi. Mfano ni pombe mwilini. Sehemu kubwa huvunjwa katika ini kwa msaada wa kimeng'enya, na kimeng'enya hicho kikishashikwa chote, pombe inayozidi hungoja zamu. Kwa hiyo aliyekunywa chupa sita haimalizi pombe kwa kasi kuliko aliyekunywa tatu; huhitaji takriban muda mara mbili.