Meneja wa siku mbili kwa wiki: piga hesabu kabla ya mkataba

Biashara ikifikisha wafanyakazi kumi na zaidi, mwenyewe hawezi tena kununua malighafi, kupanga zamu na kufuatilia madeni peke yake. Baadhi ya wamiliki huchukua meneja wa siku chache.

Mfano ni karakana ya samani. Meneja wa kudumu akilipwa shilingi 90,000 kwa siku 22 za mwezi, kila siku inagharimu takriban 4,100. Mwajiri huongeza ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, yaani 1,350, pamoja na mchango wa NSSF. Anayekuja siku mbili kwa wiki kwa mkataba wa huduma, akitoza 6,000 kwa siku, atalipwa kama 48,000 kwa mwezi. Mfuko unapata afueni, ingawa siku yake ni ghali zaidi.

Wengi husahau zile siku asizokuwepo. Mbao zikifika Jumatano naye huja Jumatatu na Alhamisi, nani atazikagua na kutia sahihi? Oda moja ya madawati ikichelewa, yaweza kumeza akiba yote ya mwezi. Mkataba utaje msimamizi wa siku hizo na kiasi cha pesa anachoruhusiwa kuidhinisha.