Orodha ku intaneti: tuanze na desturi nzuri

Vijana wengi wa kwetu wanajifunza sasa kutengeneza kurasa za intaneti. Tunawapongeza. Lakini kuna kosa moja dogo tunaliona kila siku, na linaweza kuharibu kazi.

Tuchukue mfano. Tunataka kuonyesha wamama namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Kwanza, nawa mikono. Pili, pima lita 1 ya maji. Tatu, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Nne, koroga mpaka viyeyuke. Anayeanza kazi anaandika 1, 2, 3 kwa mkono. Ku macho, iko sawa. Kesho yake muuguzi anasema: mumesahau kuchemsha maji na kuyaacha yapoe! Hapo namba zote zinapaswa kubadilika. Ukisahau moja, mama atasoma «3» mara mbili na atachanganyikiwa.

Njo maana HTML ina alama zake. Mambo yenye kufuatana, tumia «ol», kila jambo ndani ya «li» yake: mashine itahesabu yenyewe. Vitu visivyo na mpangilio, kama vya kununua ku soko, tumia «ul». Orodha ndogo ikae ndani ya «li» ya ile kubwa, haiko inje yake. Hata kipofu anafaidika: programu inayomsomea inatangaza kwanza kama hii ni orodha ya mambo 5. Namba za mkono hazimwambii hivyo.

Na urembo je? Ile ni kazi ya CSS. Usichague «ul» juu ya kupenda vidoti tu. Vidoti vinageuzwa na «list-style-type». Weka CSS katika faili yake pekee: ukiwa na kurasa 20, utabadilisha rangi pahali pamoja tu. Na ukiipa orodha jina, iite «hatua», si «nyekundu». Siku rangi itakuwa kijani, lile jina litakuwa uongo.

Mwishoni, pitisha ukurasa ku kipimo cha W3C, ni bure, kisha uufungue ku simu ndogo. Mama mwenye mtoto mgonjwa atausomea pale.